Kaida za Jamii Zinapoporomoka: Somo kutoka kwa Waik wa Karamoja

Ikisiri

Makala hii inafafanua dhana ya kuporomoka kwa kaida za jamii, ambayo wanasosholojia huiita anomia, na kuchunguza athari zake kwa watu. Mfano unaotumika ni wa Waik, jamii ndogo ya milimani katika Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, ambao mwaka 1972 walitangazwa ulimwenguni kuwa watu waliopoteza utu. Kwa kulinganisha maelezo ya Colin Turnbull na uchunguzi uliofanywa baada yake, makala inajenga hoja kwamba kilichoonekana kuwa kifo cha kaida kilikuwa kusimama kwake kwa muda chini ya uzito wa njaa. Inahitimisha kwamba kabla ya kuilaumu jamii au kizazi kwa "mmomonyoko wa maadili", mtafiti hana budi kuuliza ni hali gani iliyowaondolea watu uwezo wa kutimiza kaida ambazo bado wanazitambua.

1.0 Utangulizi

Katika hotuba za viongozi, katika mahubiri, katika vyombo vya habari na hata katika makongamano yetu ya Kiswahili, maneno "mmomonyoko wa maadili" husikika mara nyingi. Hutumika kueleza mavazi ya vijana, ulevi, wizi wa mali ya umma, wazee wanaoachwa peke yao vijijini na watoto wanaolala mitaani. Kwa kuwa maneno hayo hueleza kila kitu, yamo katika hatari ya kutoeleza chochote.

Hata hivyo, sitiari yenyewe ni nzuri kuliko matumizi yake. Mkulima anayeona udongo wa shamba lake ukichukuliwa na maji haulaumu udongo. Hutazama mteremko, miti iliyokatwa na nguvu ya mvua. Sisi tunapozungumzia mmomonyoko wa maadili, aghalabu tunaulaumu udongo: tunasema kwamba vijana wameharibika, au jamii fulani imekosa utu, kisha tunaishia hapo.

Makala hii inakusudia kuirudisha sitiari hiyo kwenye asili yake kwa kutumia kisa kimoja cha ukanda wetu. Kisa cha Waik kimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa mifano inayotajwa sana duniani kila yanapojadiliwa maporomoko ya kaida. Pili, ni kisa ambacho hukumu ya mtafiti mmoja ilikaribia kuwa pendekezo la kuifuta jamii nzima. Kwa hiyo, swali la jinsi tunavyosoma kuporomoka kwa kaida si la kinadharia pekee.

2.0 Dhana ya Kaida na Dhana ya Anomia

Kaida ni kanuni isiyoandikwa ambayo wanajamii huitarajia kwa wenzao, na ambayo kuikiuka huleta aibu, lawama au adhabu. Nani huhudumiwa kwanza chakula kinapokuwa kidogo, yatima ni wa nani, mgeni hukaa siku ngapi kabla ya kushika kazi: mambo haya hayamo katika sheria za nchi, lakini kila mtu huyajua. Maadili ni imani kuhusu jema na baya. Kaida ni imani hiyo ikiwa imegeuka kuwa matarajio baina ya watu. Tofauti hii ni muhimu, kwani mtu anaweza kuendelea kushika maadili moyoni hali kaida imeshindwa kutekelezeka nje.

Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim aliijadili anomia katika kazi yake ya mwaka 1893 kuhusu mgawanyo wa kazi katika jamii, kisha akaipa uzito zaidi katika kitabu chake kuhusu kujiua kilichochapishwa mwaka 1897. Kwa maoni yake, matamanio ya binadamu hayana mpaka wa kimaumbile. Ni jamii inayoyawekea mpaka kwa kumwambia kila mtu ni nini anachoweza kukitarajia kwa haki. Mpaka huo ukivunjika ghafla, mtu hubaki bila kipimo. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba Durkheim aliona kujiua kukiongezeka si wakati wa mdororo wa uchumi tu, bali pia wakati wa neema ya ghafla. Hivyo, kwake yeye, kinachoumiza ni mtikisiko wa mpangilio ambao watu walikuwa wakiutegemea, si umaskini peke yake.

Mwaka 1938, Robert K. Merton wa Marekani aliitazama anomia kwa jicho jingine. Alieleza kwamba jamii huwawekea watu malengo na pia njia halali za kuyafikia. Pale malengo yanapohimizwa kwa wote ilhali njia halali zimefungwa kwa wengi, watu huitikia kwa namna mbalimbali: wapo wanaoendelea kutii, wanaobuni njia haramu, wanaofuata taratibu bila kutumaini tena lengo, wanaojitoa kabisa katika jamii, na wanaoasi ili kuweka malengo na njia nyingine.

Durkheim anatufunza kutazama mpaka uliovunjika, na Merton anatufunza kutazama njia iliyofungwa. Wote wawili wanaitafuta sababu katika mpangilio wa jamii badala ya tabia ya mtu mmoja mmoja. Kwa mkabala huo tunaweza sasa kupanda milima ya Karamoja.

3.0 Waik katika Maelezo ya Turnbull

Waik huishi katika milima ya Morungole na kwenye ukingo wa juu unaotazama nchi ya Waturkana, karibu na mpaka wa Uganda na Kenya, si mbali na Sudan Kusini. Lugha yao ni ya kundi dogo la Kikuliak, na haieleweki na majirani zao. Tofauti na Wadodoth na Waturkana, ambao ni wafugaji mashuhuri, Waik kwa jumla hawana mifugo. Wamekuwa wakiishi katikati ya jamii zinazoporana ng'ombe, na wakiumizwa na pande zote.

Mwanaanthropolojia Colin Turnbull alifika kwao katikati ya miaka ya 1960. Alikuwa tayari na jina kubwa kutokana na kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu Wambuti wa msitu wa Ituri nchini Kongo, kitabu kilichojaa mapenzi kwa watu aliowaeleza. Kwa Waik alikuta hali nyingine kabisa. Ukame ulikuwa umeharibu mazao na njaa ilikuwa kali. Turnbull aliamini pia kwamba Waik walikuwa wawindaji walionyimwa maisha yao ya asili baada ya bonde la Kidepo kufanywa hifadhi, ambayo mwaka 1962 ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa.

Kitabu alichokichapisha mwaka 1972, The Mountain People, kinaogofya. Anaeleza watoto waliotolewa nyumbani wakiwa na umri wa takriban miaka mitatu ili wajitafutie chakula katika makundi ya rika lao. Anaeleza wazee walioachwa wafe, vijana walionyakua chakula kutoka vinywani mwao, na vicheko vya watu wakitazama mwenzao akianguka. Anaeleza wanaume waliokula porini kwa siri ili wasigawane na wake na watoto wao.

Hoja yake kuu iligusa lugha. Alilichunguza neno marang, ambalo kwa Kiik ni "-zuri" au "-ema", na akadai kwamba maana yake ilikuwa imenywea. Wema, kwa mujibu wa maelezo aliyoyapata, ulikuwa ni chakula; na mtu mwema hakuwa yule anayewashibisha wenzake, bali yule ambaye tumbo lake mwenyewe limejaa. Kutokana na hayo Turnbull alihitimisha kwamba familia, upendo na huruma si sehemu ya lazima ya ubinadamu, bali ni anasa zinazoweza kutupwa. Alikwenda mbali zaidi akapendekeza Waik watawanywe katika vikundi vidogo vidogo bila kujali udugu wao, ili utamaduni huo ufe. Serikali ya Uganda haikulitekeleza pendekezo hilo.

Kitabu kilienea kwa kasi. Mwaka 1975 Peter Brook alikifanya mchezo wa jukwaani mjini Paris, na jina la Waik likawa mithali ya ubinafsi miongoni mwa watu ambao hawakuwahi kumwona Mik hata mmoja. Wasomi, hata hivyo, hawakukaa kimya. Mwaka 1974 Fredrik Barth, mwanaanthropolojia wa Norwei, alimshutumu Turnbull hadharani kwa kukiuka wajibu wa mtafiti kwa watu aliowachunguza.

4.0 Ushahidi Uliofuata

Mwanaisimu Mjerumani Bernd Heine aliwatembelea Waik mwaka 1983 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1985. Alisema kwamba watu aliowakuta walitofautiana mno na wale wa kitabuni, kiasi kwamba ilikuwa kama anashughulika na jamii nyingine kabisa. Heine alitoa sababu kadhaa za kutilia shaka maelezo ya awali. Umilisi wa Turnbull katika lugha ya Kiik ulikuwa mdogo. Baadhi ya watu aliowategemea kwa taarifa hawakuwa Waik. Tena mahali alipoishi, karibu na kituo cha polisi, palikuwa na mchanganyiko wa watu usiowakilisha maisha ya vijiji vingine. Aidha, Heine alionyesha kwamba Waik walikuwa wakulima kwa muda mrefu. Hivyo maelezo ya wawindaji waliogeuzwa wakulima kwa nguvu hayakusimama imara.

Ikumbukwe kwamba miaka iliyotangulia ziara ya Heine haikuwa ya neema. Baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979, silaha za kambi ya Moroto ziliporwa na uporaji wa ng'ombe ukageuka kuwa vita vya bunduki. Mwaka 1980 Karamoja ilikumbwa na njaa iliyoua watu wengi sana. Ikiwa utu wa Waik ulikuwa umekwisha katika miaka ya 1960, basi baada ya mapigo hayo isingebaki jamii ya kutembelewa. Lakini ilibaki, ikiwa na ndoa zake, mashamba yake, ibada zake na lugha yake.

Lugha hiyo sasa imeandikiwa kamusi na maelezo ya sarufi, kazi ya Terrill Schrock iliyochapishwa mwaka 2017. Katika muongo huo huo wa 2010, mwanaanthropolojia Cathryn Townsend aliishi na Waik na kuchunguza ukarimu wao. Pamoja na wenzake alitumia mchezo wa kugawana unaotumika katika nchi nyingi: mtu hupewa kiasi fulani na kuachiwa aamue mwenyewe ni kiasi gani atampa mwenzake asiyemjua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 hayakuonyesha kwamba Waik ni wachoyo kuliko watu wa jamii nyingine zilizowahi kupimwa kwa njia hiyo.

Townsend alikuta pia imani katika mizimu ya ardhi iitwayo kijawika, ambayo huwatazama watu na kupendezwa na wanaogawana. Na alikuta msemo ambao Waik huutumia: tomora marang, yaani "kugawana ni kwema". Neno ni lile lile. Marang ambayo Turnbull aliisikia ikiwa imebanwa ndani ya tumbo la mtu mmoja, ndiyo hiyo iliyosikika nusu karne baadaye ikiwa imekaa pamoja na kugawana.

5.0 Kaida Zilikufa au Zilisimama?

Ingekuwa rahisi kusema kwamba Turnbull alitunga. Makala hii haichukui msimamo huo. Watu walikuwa wakifa kwa njaa mbele ya macho yake, na hapana sababu ya kukana kwamba aliona mambo ya kutisha. Swali ni jinsi alivyoyafasiri.

Inafaa kutenga hali tatu ambazo mara nyingi huchanganywa. Hali ya kwanza ni ukiukaji: kaida ipo na inatekelezeka, ila mtu fulani ameivunja. Ya pili ni kifo cha kaida: watu hawaitambui tena wala hawaitarajii. Ya tatu ni kusimama kwa kaida: watu bado wanaitambua, lakini kuitimiza kumekuwa nje ya uwezo wao. Kwa mtazamaji wa nje hali ya pili na ya tatu hufanana, kwa kuwa katika zote mbili kaida haitendeki. Kinachozitofautisha ni aibu na kujificha.

Tuitazame upya picha ya mtu anayekula porini kwa siri. Ikiwa kaida ya kugawana imekufa, kwa nini ajifiche? Angekula mlangoni kwake bila wasiwasi. Anajificha kwa sababu anajua kwamba akionekana ataombwa, na akiombwa itampasa kutoa. Siri yake ni ushahidi kwamba kaida ingali hai na ina nguvu ya kumfunga. Turnbull mwenyewe anasimulia pia jinsi watu walivyomiminika bila kualikwa kumsaidia mtu anayejenga au kulima, ili baadaye awe na deni kwao. Aliuona huo kuwa ujanja tu. Lakini deni la namna hiyo haliwezekani pasipo jamii inayoamini kwamba msaada hulipwa kwa msaada. Hakuna anayefanya ujanja kwa sarafu isiyotumika tena.

Methali za Kiswahili zinalijua jambo hili kuliko nadharia nyingi. Tunaposema "Adui mwombee njaa", tunakiri kwamba njaa humvunja mtu pale ambapo silaha imeshindwa. "Mkono mtupu haulambwi" inaonyesha kwamba hata uhusiano wa karibu huhitaji kitu cha kuubeba. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" inaufunga ukarimu kwenye ghala. Na "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa" ingeweza kuandikwa mwanzoni mwa kila ripoti ya utafiti kuhusu watu walio katika dhiki.

6.0 Athari kwa Watu

Kusema kwamba kaida zilisimama tu si kusema kwamba hapakuwa na madhara. Madhara ya kusimama kwa kaida ni makubwa, na hayagawanyiki sawa.

Athari ya kwanza huwapata wale wanaoishi kwa kutegemea kaida. Mtu mzima mwenye nguvu anaweza kupanda mti au kuchimba mzizi. Mtoto wa miaka mitatu, mgonjwa na kikongwe hawana kinga nyingine isipokuwa matarajio kwamba mwenye nguvu atawalisha. Matarajio hayo yakisimama hata kwa msimu mmoja, kwao msimu huo ni maisha mazima. Kaida inaporudi, haiwarudishi waliokufa.

Athari ya pili ni kupotea kwa utabirikaji. Katika siku za kawaida mtu hulala akijua kwamba jirani hataiba mbegu zake. Ujuzi huo ukiondoka, kila mtu hulazimika kulinda, kuficha na kushuku, na nguvu zinazotumika kujilinda ni zile zile ambazo zingetumika kulima. Kwa njia hiyo kutoaminiana huzaa upungufu, nao upungufu huongeza kutoaminiana.

Athari ya tatu ni ya ndani ya nafsi. Mzazi aliyemnyima mwanawe chakula hali anajua inavyompasa kutenda, hubeba jeraha ambalo asiye na kaida asingelibeba. Huenda hata vile vicheko vilivyomtisha Turnbull havikuwa furaha. Katika jamii nyingi binadamu hucheka mbele ya jambo asiloweza kulizuia wala kulitazama kwa macho makavu. Hiyo ni tafsiri inayowezekana, na mtafiti mwadilifu angeipa nafasi kabla ya kuandika neno ukatili.

Athari ya nne hutoka nje ya jamii yenyewe, nayo ni jina baya. Waik waliokufa kwa njaa walizikwa mara moja, lakini Waik waliobaki hai waliishi kwa miongo kadhaa na sifa ya watu wasio na utu. Jamii iliyokwisha kupewa sifa hiyo huonekana kuwa haistahili msaada, na huweza kupendekezewa kutawanywa kana kwamba ni takataka. Hapa ndipo kosa la kuchanganya kifo cha kaida na kusimama kwa kaida linapokuwa hatari. Anayeamini kwamba kaida zimekufa hupendekeza kuivunja jamii. Anayejua kwamba zimesimama hupeleka chakula, mbegu na ulinzi, kisha hungoja.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kuporomoka kwa kaida si jambo moja. Durkheim na Merton wanatuelekeza kutafuta mpaka uliovunjika na njia iliyofungwa. Kisa cha Waik kinatuongoza kuuliza iwapo kaida imekufa au imesimama. Jibu limo katika ushahidi ambao mara nyingi mtafiti anao mkononi bila kuuona: watu wanajificha nini, wanaona aibu kwa lipi, na wanadaiana nini hata wakati wa dhiki.

Kutokana na hayo, yapo maswali matatu yanayofaa kuulizwa kila tunapotaka kusema kwamba maadili yamemomonyoka. Je, kaida tunayoilalamikia bado inatambuliwa na wale tunaowalaumu? Kama inatambuliwa, ni kitu gani kinachowazuia kuitimiza: njaa, ukosefu wa kazi, vita, kuhamishwa au umbali? Na je, kati ya jamii hiyo, ni nani anayelipa gharama ya kaida hiyo kusimama? Kijana wa mjini asiyempelekea mama yake chochote kijijini huenda amekiuka wajibu wake. Lakini ikiwa huzima simu kila mwisho wa mwezi kwa sababu hana la kumwambia, basi wajibu huo bado anaujua, na tatizo lake linaanzia mahali pengine.

Wataalamu wa Kiswahili wana nafasi ya pekee katika kazi hii, kwa kuwa Turnbull aliipoteza njia katika neno moja. Alilisikia neno marang katika mwaka wa njaa, akadhani amesikia maana yake yote. Lugha haisomwi kwa msimu mmoja, na jamii pia haihukumiwi kwa mwaka wake mbaya kuliko yote. Waik wanaendelea kulima katika milima ya Morungole, na wanaendelea kusema kwamba kugawana ni kwema.